Klabu ya Kurithishana

Mji wa Parma, kaskazini mwa Italia, una wakazi wapatao laki mbili. Garissa, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na wakazi zaidi ya 160,000. Kwa wingi wa watu, hii ni miji ya rika moja. Yote miwili iko mamia ya kilomita kutoka mji mkuu wa nchi yake, na yote miwili inategemea mifugo: Parma kwa maziwa na jibini, Garissa kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi wanaouzwa katika mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Hata hivyo, mtajie Parma mtu wa makamo anayekunywa chai kibarazani Garissa, naye atakuhesabia majina bila kusita: Buffon, Cannavaro, Thuram, Crespo. Kisha mwulize mtu wa Kisumu au wa Mombasa akutajie klabu moja tu ya Garissa. Utangoja sana.

Tofauti hii imenikaa rohoni siku nyingi, maana sababu zinazotolewa hazinitoshi. Husemwa kwamba watu wa Kaskazini Mashariki ni wafugaji, mpira haumo damuni mwao. Husemwa kwamba jua ni kali, kwamba njia ni ndefu, kwamba fedha hakuna. Aliyepita Garissa saa kumi na moja jioni anajua kwamba hilo la kwanza ni uzushi. Hayo mengine yana ukweli, lakini hayaelezi kwa nini timu za Garissa huzaliwa, zikang'ara, kisha zikatoweka bila hata mtu kukumbuka zilivunjika mwaka gani. Kwa jibu la swali hilo nimejikuta nikirudi tena na tena kwenye historia ya klabu ya Parma, klabu ya mkoani ambayo imekufa na kufufuka mbele ya macho ya ulimwengu.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1913, mwaka ambao mkoa wa Parma ulikuwa ukiadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwanawe maarufu, mtunzi wa muziki Giuseppe Verdi. Kwanza ikapewa jina la Verdi. Kabla mwaka haujaisha ikachukua jina la mji. Mwaka 1923 uwanja wake, Tardini, ukafunguliwa, na hadi leo ndipo inapochezea. Miongo ikapita klabu ikiwa madaraja ya chini, ikipanda na kushuka, ikipambana na majirani kama Reggio Emilia, mji ulio kilomita 30 hivi tu kutoka hapo. Haikufika Serie A mpaka mwaka 1990. Hesabu hiyo vizuri: miaka 77 ya kucheza bila kuonja ligi kuu, na bado kila kizazi kilikuwa na timu ya kukabidhi kizazi kilichofuata.

Fedha zilipokuja, zilikuja kwa kishindo. Kampuni ya maziwa ya Parmalat, iliyokuwa na makao yake nje kidogo ya mji, ikaifadhili klabu, na mji huo mdogo ukatwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1993 na Kombe la UEFA mwaka 1995 na 1999. Kisha, Desemba 2003, ikagundulika kwamba hesabu za Parmalat zilikuwa za uongo, na kampuni ikaanguka katika mojawapo ya kashfa kubwa za fedha kuwahi kutokea Ulaya. Klabu ikapepesuka lakini haikuanguka. Katika kipindi hicho cha kujikongoja ndipo akaja Mkenya, McDonald Mariga, aliyetokea Helsingborg ya Sweden mwaka 2007. Alishuka nayo daraja mwaka 2008, akapanda nayo mwaka 2009, na Januari 2010 akahamia Inter Milan, iliyotwaa mataji matatu msimu huo. Wakenya wengi walilijua jina la Parma upya kupitia kwake.

Mwaka 2015 mambo yakaharibika kabisa. Madeni yalipita euro milioni 200, mishahara haikulipwa, klabu ikauzwa kwa bei ya kutupa, ikatangazwa kufilisika, na mnunuzi hakupatikana. Kisheria, klabu ilikufa. Ikaundwa upya kwa jina la Parma Calcio 1913, ikaanzia Serie D, daraja la nne, dhidi ya timu za vijiji. Wafanyabiashara wa hapo hapo wakachanga, na sehemu ya hisa ikatengwa kwa mashabiki wenyewe. Maelfu ya watu wakanunua tiketi za msimu mzima kutazama mechi za daraja la nne. Nahodha Alessandro Lucarelli, ambaye angeweza kwenda kwingine, akabaki. Wakapanda misimu mitatu mfululizo, na mwaka 2018 walikuwa wamerudi Serie A. Lucarelli akastaafu hapo, akiwa na umri wa miaka 40, baada ya kuifikisha klabu alikoitoa.

Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba tajiri alikuja akaondoka, akaja mwingine akaondoka na kuacha madeni, na bado kulikuwa na kitu cha kufufua. Kulikuwa na jina la mji, uwanja unaojulikana, rangi za jezi, kumbukumbu za mechi zilizoandikwa tangu 1913, na watu walioamini kwamba timu ile ni urithi wao. Kulikuwa pia na ngazi ya madaraja ambayo aliyeanguka angeweza kuipanda upya kutoka chini. Fedha ziliipa Parma makombe. Uhai wake ulitoka kwingine.

Sasa turudi Garissa, jioni. Mchana joto hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hakuna anayegusa mpira. Baada ya sala ya Alasiri vijana hutoka Bulla Iftin, Bulla Punda na mitaa mingine, ambayo huku huitwa bulla, wakiwa na jezi za Arsenal, Barcelona na Juventus zilizofuliwa mpaka majina ya mgongoni yamefutika. Mistari huchorwa mchangani kwa kisigino. Wapo wenye njumu, wapo wanaocheza kwa soksi tupu, na hawa wa soksi mara nyingi ndio wenye chenga. Wazee huleta viti vya plastiki, waendesha boda boda huegesha pikipiki zao ukingoni na kukaa juu yake. Kila mmoja anajua kipimo cha muda: kipindi cha pili kisivuke adhana ya Magharibi. Refa akichelewesha, muadhini humaliza mechi.

Adui wa mpira hapa ni mathenge. Mti huu uliopandwa kwa wingi katika maeneo kame ya Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga usipeperuke, umezagaa kila upande, na mwiba wake hautofautishi gurudumu la pikipiki na ngozi ya mpira. Mpira ukitoka nje, anayeukimbilia hutazama kwanza umeangukia wapi, ndipo atazame nani yuko wazi. Ukitobolewa, kesho yake utaupata kwa fundi viatu. Hufumua nyuzi chache tu pembeni, akautoa mpira wa ndani kupitia tundu hilo, akausugua penye tobo, akabandika kipande cha tyubu kwa gundi, akasubiri kikauke, akaurudisha na kushona kwa uzi uliopakwa nta. Kisha humwagia maji juu na kusikiliza kama kuna pumzi inayotoka. Mpira wa namna hii huvimba kidogo upande mmoja, na wachezaji wa pale wanajua utapindia wapi. Mgeni hajui, na goli la kwanza huingia kwa njia hiyo.

Mapenzi yapo, basi, na ufundi upo. Garissa ina timu iitwayo Berlin, iliyowahi kuiwakilisha Kaskazini Mashariki katika mashindano ya vijana ya Chapa Dimba, na vijana wake walionyesha kwamba hawaogopi mtu. Kinachokosekana ni kile ambacho Parma ilikuwa nacho kabla ya fedha: mwendelezo. Na mwendelezo huo haukukosekana kwa uzembe wa watu wa Garissa. Ulivunjwa, na tarehe zake zinajulikana.

Mwaka 1963 ndio mwaka ambao ligi ya taifa ya Kenya ilianza. Nakuru All Stars ikawa bingwa wa kwanza, na kuanzia hapo historia ya soka ya Kenya ikaanza kuhesabu mabingwa wake. Mwaka huo huo, siku chache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuwa imekuta kwamba wengi wa wakazi walitaka kujiunga na Somalia. Ombi hilo likakataliwa, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Tangu enzi za mkoloni, kwa sheria ya mwaka 1902 na nyingine ya 1934, eneo hili lilikuwa limefungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Serikali huru ikairithi kufuli hiyo. Hali ya hatari haikuondolewa mpaka Novemba 1991.

Tuipime miaka hiyo 28 kwa kipimo cha mpira. Ndani yake Gor Mahia ilianzishwa, mwaka 1968, ikakua, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Abaluhya ilikuja kuwa AFC Leopards. Shabana ilizaliwa Kisii mwaka 1980. Klabu za Mombasa, Nakuru na Kisumu ziliweka majina yao katika vitabu. Yote haya yalihitaji jambo ambalo kwa Mkenya wa kwingine lilikuwa la kawaida mno hata halikuonekana: ruhusa ya watu wengi kukusanyika mahali pamoja jioni, na ruhusa ya basi la vijana kusafiri kwenda mji mwingine Jumamosi na kurudi Jumapili. Garissa ilinyimwa hayo mawili katika miaka ileile ambayo klabu za wenzao zilikuwa zikiota mizizi.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo halitajwi katika mazungumzo ya michezo. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakakaa siku kadhaa bila chakula wala maji. Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakurudi nyumbani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kwa kizazi kilichopitia siku zile, uwanja wenye umati wa vijana wa kiume ulikuwa mahali pa kuhofiwa. Nikimwona mzee wa miaka 70 ameketi leo kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa uwanja, akimtazama mjukuu wake akipiga kona, naona ushindi ambao hakuna ligi iliyoutolea kombe.

Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa, lakini upande wa pili wa mpaka nyumba ilikuwa inaungua. Januari mwaka huo serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na watu wakaanza kuvuka. Kambi ya wakimbizi ya Ifo ikafunguliwa Dadaab mwaka huohuo, zikafuata Dagahaley na Hagadera. Hapa historia ya Italia na ya Garissa zinakutana kwa namna ambayo si ya kubuni. Hadi mwaka 1925, Kismayu na Jubaland yote zilikuwa chini ya Waingereza, sehemu ya Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia eneo hilo, kwa kutimiza ahadi iliyotolewa ili Italia iingie upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndugu wa baba mmoja wakajikuta huyu raia wa himaya hii, yule wa himaya ile. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Waingereza, yenye askari wengi Waafrika, yalitoka upande wa Mto Tana kupitia Garissa, yakaiteka Kismayu na kisha Mogadishu, na utawala wa Italia wa wakati huo ukaanguka. Lakini njia ya kwenda Roma na Torino ilibaki katika akili za watu wa Mogadishu, kama vile njia ya Nairobi na London ilivyobaki katika akili za watu wa Garissa.

Ndiyo maana mwaka 1991 na baada yake wakimbizi waligawanyika. Wengine walikuja Dadaab, wengine wakaenda Italia. Miongoni mwa waliofika Italia alikuwa Ayub Daud, mtoto aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1990 na kukulia Cuneo, mji mdogo wa kaskazini magharibi. Alilelewa katika shule ya soka ya Juventus, na Machi 2009 aliingia uwanjani dhidi ya Bologna katika Serie A. Baada ya hapo alizunguka kwa mkopo katika klabu za mikoani: Crotone, Lumezzane, Cosenza, Gubbio. Hakuwa nyota mkubwa. Lakini kila alikokwenda alikuta klabu yenye uwanja, kumbukumbu na mashabiki wa mji huo, hata Gubbio, mji mdogo wa mlimani ambao Bulla Iftin na jirani zake wangeujaza.

Rika lake waliokulia Dadaab nao walicheza. Kambi zina timu, zina ligi, zina watazamaji wa kutosha kuzifanya klabu nyingi za Ulaya zione wivu. Lakini timu ya kambini huishi kwa mashaka ya karatasi. Majina ya waliokubaliwa kuhamia Marekani au Kanada yakitoka, kocha humpoteza kipa na winga kwa siku moja, huku akiwafurahia. Msaada ukipunguzwa, mechi huahirishwa. Kambi ikitangazwa kufungwa, kama ilivyotangazwa zaidi ya mara moja, hakuna anayenunua nyavu mpya. Hapo napo kipaji kipo, mwendelezo haupo, na sababu si wachezaji.

Wengi wakisikia haya husema: Garissa inasubiri mdhamini. Mimi naona historia ya Kenya yenyewe inatuonya tusisubiri. Tazama klabu za mikoani zilizowahi kuwa mabingwa wa Kenya. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilitwaa ubingwa mwaka 2001 na 2002. Leo haimo katika Ligi Kuu. SoNy Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari, ilitwaa ubingwa mwaka 2006. Mwaka 2019 iliondolewa kwenye ligi baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu kwa kukosa fedha. Kampuni ilipobanwa, klabu ilibanwa nayo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mmoja. Linganisha na Shabana. Ilishuka daraja mwaka 2006, ikahangaika chini kwa miaka 17, na mwaka 2023 ikarudi Ligi Kuu huku uwanja wa Gusii ukifurika. Watu wa Kisii hawakuwa na fedha kuliko kiwanda cha sukari. Walikuwa na timu waliyoiona ni yao, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuifunga kwa barua.

Yaliyoikuta Kisii na yaliyoikuta Parma ni mamoja. Klabu ambayo wengi wanaiona ni yao haifi kwa urahisi, na ikianguka huweza kufufuka.

Garissa ina hatari yake ya pekee hapa, na ni lazima isemwe waziwazi. Wingi unaokuja haraka kwetu ni ukoo. Ni rahisi timu ikawa ya ukoo fulani, na michuano ikawa ya kupimana ubavu kati ya koo, hasa mwaka wa uchaguzi unapokaribia na mheshimiwa anapotoa kombe lenye jina lake, seti ya jezi zenye picha yake, na mbuzi wa mshindi. Mashindano hayo huleta furaha ya wiki mbili, kisha uchaguzi ukapita na timu zikapita nao. Garissa ni mji wa Wasomali wa koo nyingi, wa Wamunyoyaya na Wapokomo wa kandokando ya Tana, wa Wakamba na Wameru waliokuja kwa biashara na kazi. Klabu itakayodumu ni ile itakayowabeba wote kwa jina la mji. Wale walioanzisha klabu ya Parma walihitaji miezi michache tu kulitambua hilo, walipoacha jina la mtu, tena mtu wanayempenda, wakachukua jina la mji.

Kipo pia kizuizi ambacho hakuna klabu inayoweza kukiondoa peke yake. Klabu ya Parma ilipoanguka daraja la nne, safari zake nyingi zilikuwa za saa chache kwa basi. Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na Mandera ni mbali zaidi ya hapo maradufu, kwa barabara ambayo mafuriko huikata na ambayo kwa miaka mingi imekuwa na hofu ya mashambulizi. Tangu Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, mgeni kuja kucheza huku limekuwa jambo la kubembelezwa. Ligi inayopangwa kwenye ramani ya Nairobi, ikadai timu ya Mandera isafiri kila wiki, imeiondoa timu hiyo kabla haijapiga mpira. Panahitajika utaratibu wa kituo, timu zikutane mji mmoja kwa wiki moja, zicheze mechi nne au tano, kisha zirudi nyumbani. Desemba 2024 Mariga alichaguliwa naibu rais wa Shirikisho la Soka la Kenya. Yeye amevaa jezi ya mji wa watu laki mbili ulioshinda Ulaya. Akiamua kuitetea miji ya pembezoni, atakuwa anatetea kitu anachokijua kwa miguu yake.

Mengine yako mikononi mwetu. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inazitaka klabu zisajiliwe zikiwa na katiba na viongozi wanaochaguliwa. Watu wengi huiona sheria hiyo kuwa usumbufu wa makaratasi. Mimi naiona kuwa ndiyo nafasi tuliyoikosa tangu 1963: kuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na timu za Garissa zimekuwa zikiisha hivyo hivyo. Hakuna anayeweza leo kufungua kitabu akasoma nani alikuwa nahodha wa timu bora ya mji mwaka 1985, nani alifunga, mechi ilichezwa wapi. Waliocheza wapo, wanazeeka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa wangeweza kuwatafuta mtaa kwa mtaa na kuandika kabla hawajaondoka, na kazi hiyo ingekuwa ya heshima kuliko kombe.

Daftari hilo liwe na mahali pa wasichana. Tangu 2014 sheria za mpira duniani zinaruhusu kuvaa hijabu uwanjani, kwa hiyo kisingizio cha mavazi kimekwisha. Kilichobaki ni kuwatafutia muda, uwanja wenye stara na walimu wanaoaminiwa na wazazi wao. Klabu inayoita nusu ya watoto wake watazamaji tu haijawa ya mji.

Na uwanja wenyewe uwe na hati. Mji unakua, ardhi inapanda bei, na kila uwanja usio na hati ni kiwanja cha mtu anayesubiri. Tardini umekaa mahali pamoja tangu 1923, nyumba zikaujia na kuuzunguka, wala hazikuumeza. Mwana Parma humpeleka mtoto wake palepale alipopelekwa na baba yake.

Sitaki tujidanganye kwamba Garissa itacheza fainali za Ulaya au hata za Afrika katika maisha yetu. Parma ilingoja miaka 77 kuingia ligi kuu ya nchi yake, na waliocheza mwaka 1913 hawakuiona siku hiyo. Walichofanya ni kuacha kitu ambacho wengine wangeweza kukiendeleza. Kazi hiyo inawezekana Garissa mwaka huu, na haihitaji bilioni wala mheshimiwa. Inahitaji watu ishirini wa bulla na koo tofauti, wakae baada ya Alasiri, wachague jina la mji, wafungue daftari, waandike katiba na kuisajili, na wakubaliane kwa sahihi zao kwamba klabu hiyo si mali ya yeyote kati yao.